Maji ya Akiba na Mbu wa Mchana: Sugua Pipa, Maji Usiyamwage

Mahali ambapo bomba hutoa maji mara moja kwa wiki, au halitoi kabisa, kumwambia mtu amwage maji yaliyotuama ni kumwambia amwage alichokinunua. Haishangazi kwamba ushauri huo haufuatwi, na lawama si ya wenye nyumba. Maji yabaki, atakayekosa nafasi ni mbu.

Mbu mwenyewe ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza chikungunya na homa ya dengi, yaani kidingapopo. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua cha usiku, kinga kubwa dhidi ya malaria, kwa huyu hakitoshi. Wengi humtafuta kwenye mitaro michafu, kumbe yumo pipani, kwenye ndoo, tairi kuukuu na visahani vya maua.

Jike hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yakikauka huweza kukaa miezi kadhaa bila kufa, na maji yakipanda yakayafikia, huanguliwa. Ndiyo maana pipa lililoachwa tupu likauka, lakini halikusuguliwa, hurudi kuwa na viluwiluwi siku chache tu baada ya kujazwa.

Penye joto, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Basi chagua siku moja ya wiki na usiiruke. Chuja maji kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, uyahamishie kwenye chombo kingine safi. Kung'uta kitambaa kwenye udongo mkavu wenye jua, si mtaroni, kwani viluwiluwi wakipata maji wataendelea kukua. Sugua pipa kwa brashi ngumu na sabuni kuanzia ukingoni hadi chini, ukikazania alama ya maji na chini ya mdomo wa pipa. Suuza, kisha rudisha maji. Kuchuja hakuui vijidudu. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Mfuniko ulioachia upenyo haufai kitu. Kama haukai sawasawa, funika kwa kitambaa kizito na ukikaze kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kisilegee katikati: mvua ikinyesha, hapo patatuama maji na mbu atataga juu ya kifuniko chenyewe. Chandarua chenye dawa kisifunike maji ya kunywa.

Homa ikianza ghafla, na maumivu ya kichwa, nyuma ya macho na viungo, pima malaria kwanza, kwa kuwa mwanzoni magonjwa haya hufanana. Dengi haina dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa anywe maji mengi na apewe parasetamoli kwa kipimo sahihi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu. Hatari kubwa huja pale homa inaposhuka na watu kudhani amepona. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu, akihangaika au kulegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Siku zote za homa mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu anayemuuma wakati huo ndiye hubeba virusi na kuvipeleka kwa wengine nyumbani.