Lotus Cortina ya kwanza na ile difu yake

Watu wakiona Ford Cortina ya zamani nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni wanasema hiyo Lotus, basi yameisha. Mimi kabla sijasema chochote nainama kwanza kuchungulia nyuma chini, maana mstari wa rangi mtu yeyote anapiga, ila historia ya hii gari iko kwenye difu, yale magia ya katikati ya ekseli ya nyuma yanayozungusha matairi.

Iko hivi, Walter Hayes wa Ford Uingereza alitaka Ford ishinde mbio za magari ya kawaida, akamfuata Colin Chapman wa kampuni ya magari ya Lotus ambaye tayari alikuwa na injini yake, chini bloku ya Ford, juu silinda hedi ya kemishafti mbili aliyoichora Harry Mundy, kabureta mbili za Weber, ujazo cc 1558, hospawa 105. Ili gari ikubaliwe kwenye mbio lazima zitengenezwe 1000, kwa hiyo bodi za milango miwili zikawa zinatoka Ford zinaenda kufungwa kiwandani kwa Lotus pale Cheshunt, na Januari 1963 gari ikatangazwa.

Chapman hakuishia kwenye injini. Milango, boneti na buti akaweka vya alumini, betri akaihamishia kwenye buti, alafu akang'oa springi pleti za nyuma zote akaweka za koili na fremu ya umbo la A inayoshika difu kwa chini. Kwenye lami ilikuwa moto kwelikweli! Dereva Jim Clark akikata kona tairi la mbele la ndani linanyanyuka hewani kabisa, na 1964 akabeba ubingwa wa Uingereza wa magari ya aina hii.

Shida ni kwamba lile kasha la difu halikutengenezwa kubeba mzigo wa ile fremu, linavutwa huku na huku, bolti zinalegea, oili inavuja inadondokea kwenye bushi za raba zilizo hapohapo chini, raba zinalainika zinakufa na gari nyuma inaanza kutangatanga. Ukibadilisha sili tu itavuja tena, kwa sababu kinachoiua sio sili, ni mzigo.

Na cha ajabu jibu lilishapita huku kwetu, mbio za Safari ya Afrika Mashariki za 1964 walishinda Peter Hughes na Bill Young na Cortina GT, ile ya Ford wenyewe isiyo ya Lotus, tope, mawe, makorongo, na nyuma ina springi pleti za kawaida. Juni 1965 Lotus Cortina nayo ikafungwa mfumo wa nyuma wa GT, na mwaka huohuo dereva John Whitmore akachukua nayo ubingwa wa Ulaya.

Kwa kuendesha kila siku mimi nachagua ya pleti bila kufikiria mara mbili. Ila wenye zile za mwanzo wengi walishaitoa fremu ya A ili wapumzike na kuvuja, ndo maana iliyobaki nayo pamoja na alumini yake ni adimu sana, kwa hiyo kama unayo tafadhali usiing'oe, kaza bolti, angalia oili mara kwa mara, na bushi badilisha mapema kabla hazijafa.