Uga wa umeme ni nini hasa, na mbona kitana kinavuta karatasi isiyo na chaji?

Chukua kitana cha plastiki, pitisha kwenye nywele kavu haraka haraka kama mara kumi hivi, alafu kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi ulivyochana. Vinaruka vyenyewe na kung'ang'ania kitana. Wengi wakiona hivyo wanasema "aah ni umeme huo" wanaishia hapo, lakini hebu jiulize kidogo, ile karatasi hukuisugua popote, haina chaji yoyote ya ziada, sasa inavutwa kwa sababu gani? Ukiweza kulijibu hilo swali bila kubabaika basi chaji, nguvu na uga umevielewa vyote vitatu, ndo maana napenda kuanzia hapa kuliko kuanza na kanuni.

Tuanze na chaji. Kila kitu kimeundwa na atomu, na ndani ya atomu kuna protoni zenye chaji chanya zimebanana pale katikati kwenye kiini, na elektroni zenye chaji hasi ziko nje ya kiini. Chaji ya protoni moja na ya elektroni moja zinalingana kabisa kwa ukubwa, tofauti ni alama tu, kwa hiyo kitu chenye idadi sawa ya zote mbili kinaonekana hakina chaji wakati ndani yake zimejaa tele. Hapa ndo watu wanapokosea, wanadhani ukisugua unatengeneza chaji. Hutengenezi kitu, unahamisha elektroni tu toka kwenye nywele kwenda kwenye plastiki, kitana kinakuwa na elektroni za ziada (hasi) na nywele zinabaki na upungufu uleule (chanya), ndo maana na nywele zenyewe zinasimama, kila unywele unamsukuma mwenzake. Ukijumlisha pande zote mbili jumla ni ileile ya mwanzo. Chaji tunaipima kwa kulombi, na elektroni moja ina 1.6 × 10⁻¹⁹ tu, yaani ili upate kulombi moja unahitaji elektroni kama 6.24 × 10¹⁸.

Nguvu sasa (vitabuni wanaiita kani). Chaji za aina moja zinasukumana, za aina tofauti zinavutana, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni umbali. Mwaka 1785 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alitumia mzani wenye uzi mwembamba unaojisokota kupima nguvu hiyo, akaonyesha kwamba inategemea kuzidisha chaji mbili alafu kugawa kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukiongeza umbali mara mbili nguvu inabaki robo, mara tatu inabaki moja ya tisa. Na ni nguvu kubwa kweli kweli, chaji mbili za kulombi moja moja zikikaa mita moja kutoka kwenye mwenzake zinasukumana kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) bilioni 9 hivi. Hata kile kitana chako chenye chaji kidogo mno kinanyanyua karatasi wakati dunia nzima inaivuta kwenda chini! Shika hiyo habari ya umbali, tutaihitaji.

Sasa uga. Kitana hakijagusa karatasi, inakuwaje karatasi ipate habari kwamba kitana kipo? Jibu ni kwamba chaji inabadilisha hali ya nafasi yote inayoizunguka, na hiyo hali ndo uga wa umeme. Michael Faraday, Mwingereza wa karne ya 19, ndo alianza kuuwazia kwa mistari, pale mistari inapobanana uga ni mkali, inapoachana ni dhaifu. Kitu cha kushika ni kwamba uga upo pale hata kama hakuna chaji ya pili ya kuuhisi. Nguvu inahitaji wawili, uga unahitaji mmoja. Tuseme sehemu fulani umeweka chaji ya maikrokulombi 2 (maikrokulombi ni sehemu moja ya milioni ya kulombi) ukapima nguvu ya nyutoni 0.006, gawanya, uga pale ni nyutoni 3000 kwa kila kulombi. Itoe hiyo chaji, bado ni 3000. Weka ya maikrokulombi 5 na tayari unajua itapata nyutoni 0.015 kabla hata hujapima. Na mwelekeo wa uga ni ule ambao chaji chanya ingesukumwa, elektroni yenyewe inasukumwa kinyume chake.

Turudi kwenye karatasi yetu. Uga wa kitana unaingia ndani ya karatasi na kusukuma elektroni zake zikae mbali kidogo, ni kidogo sana, hazitoki hata kwenye molekuli zake, lakini inatosha upande ulio karibu na kitana uwe chanya kidogo na upande wa mbali uwe hasi kidogo. Upande wa karibu unavutwa, wa mbali unasukumwa, na kwa sababu uga ni mkali zaidi karibu na kitana, mvuto unaushinda msukumo. Kumbe ni suala la umbali tu! Kama uga ungekuwa na ukali uleule kila mahali, mvuto na msukumo vingelingana na karatasi ingetulia ilipo.

Rudia jaribio ukiangalia kwa makini, utaona vipande vingine vinakaa kwenye kitana sekunde chache alafu vinaruka kwa nguvu kwenda zake. Hivyo vimeshachukua sehemu ya elektroni za kitana, vimekuwa hasi kama chenyewe, kwa hiyo sasa vinasukumwa.