Mji Huu Ni wa Kanda Ipi? Ulizia Kaunti Kwanza

Tuseme unataka kujua kila mji wa Marekani uko kanda ipi. Ukifungua jedwali rasmi la maeneo ya miji mikubwa ya nchi hiyo ukatafuta "Bay Area", yaani eneo la ghuba ya San Francisco, hulioni jina hilo. "Inland Empire", mashariki mwa Los Angeles, halimo, wala "Twin Cities", yaani Minneapolis na St. Paul. Hayo ni majina ya mdomoni: ya wakazi, madalali wa nyumba na watangazaji wa hali ya hewa. Serikali ina yake, marefu na makavu, kama San Francisco-Oakland-Fremont.

Majina rasmi hupangwa na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, na toleo la Julai 2023 linapatikana bure kwa Idara ya Sensa. Wengi hukwama hapa, kwa sababu jedwali limejengwa kwa kaunti: kaunti ya mji mkubwa, pamoja na jirani ambazo angalau robo ya wafanyakazi wake huvuka kwenda kazini huko. Lipo pia faili la miji, lakini hilo lina miji vinara tu, yaani ile mikuu ya kila eneo. Usilidhanie kuwa orodha kamili.

Kwa hiyo utahitaji faili la pili, linaloonyesha kila mji umo kaunti gani. Mji mmoja huweza kukanyaga kaunti kadhaa. Kansas City ya Missouri imo katika nne. Unganisha mafaili kwa misimbo, yaani namba rasmi za majimbo na kaunti, si kwa majina, maana akina Springfield ni wengi. Na isome misimbo kama maandishi: ya California huanza na 06, na lahajedwali likiimeza ile sifuri, jimbo zima linapotea. Jimbo la Connecticut nalo liangalie kwa makini, kwani tangu 2022 Idara ya Sensa ilianza kutumia kanda 9 za mipango badala ya kaunti 8 za zamani.

Jina la mtaani utaliongeza mwenyewe. Bay Area kwa kawaida ni kaunti 9, ilhali eneo rasmi la San Francisco lina 5 tu, na San Jose ina eneo lake rasmi. Ukichukua eneo unganishi, linalojumlisha maeneo rasmi yanayopakana na hivyo ni pana zaidi, unaikaribisha kaunti ya Santa Cruz, isiyokuwa miongoni mwa zile 9. Ni heri uziorodheshe kaunti zako moja moja.

Inland Empire inaonekana rahisi: kaunti za Riverside na San Bernardino, basi. Ila San Bernardino inaenea jangwani hadi Needles, mpakani na Arizona, kando ya mto Colorado. Mimi huuacha mji huo ndani, nikaandika pembeni kwamba mpaka niliotumia ni wa kaunti.