Bomba la Chongoleani, mtungi wa jikoni na maji ya Pangani: yanayoaminiwa Tanga na yaliyo kweli

Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda lilipowekwa Chongoleani, pwani ya Tanga, mwezi Agosti 2017, mazungumzo ya nishati katika Jiji la Tanga yamegawanyika katika kambi mbili: ya wanaoona neema tupu na ya wanaoona maangamizi tupu. Makosa mengi ya kambi zote mbili yana chanzo kimoja. Watu huchanganya biashara ya kusafirisha mafuta ya jirani na sera ya kuwapatia Watanzania nishati, na kwa sababu hiyo hushindwa kuipima hata moja kati ya hizo sawasawa. Hizi ni baadhi ya kauli zinazosikika, na ukweli wake.

"Mafuta yakianza kufika, petroli ya Tanga itashuka bei."

Kitakachofika ni mafuta ghafi, ambayo hayatiwi kwenye tangi la bodaboda bila kusafishwa kwanza, na kiwanda cha TIPER kilichokuwa kikifanya kazi hiyo Kigamboni kiliacha kusafisha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mafuta ya Hoima, Uganda, yatapakiwa melini na kwenda zake, huku petroli na dizeli tunazotumia zikiendelea kushushwa kutoka meli nyingine, baadhi yake katika bandari hiihii ya Tanga. Bei ya kikomo inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hufuata soko la dunia, thamani ya shilingi, pamoja na kodi na tozo. Bomba halimo katika hesabu hiyo.

"Bomba ni letu, na kila pipa litatuingizia zaidi ya dola 12."

Kati ya kilomita 1,443 za bomba hilo, kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania, na pengine ndiyo sababu watu huliita letu. Umiliki, hata hivyo, haupimwi kwa urefu wa ardhi. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, CNOOC ya China ina asilimia 8, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania, UNOC na TPDC, yana asilimia 15 kila moja. Zile dola 12.77 kwa pipa, zilizokubaliwa mwaka 2021 na kunukuliwa kila mahali tangu hapo, ni nauli ambayo wenye mafuta watailipa kampuni ya bomba, na kampuni hiyo italazimika kulipa mikopo na gharama za uendeshaji kabla ya wanahisa kugawana chochote. Tanzania itapata gawio, kodi, ajira na shughuli za bandari. Hayo si madogo, lakini hayalingani na kuzidisha dola 12 kwa mapipa 216,000 kwa siku, hesabu ambayo nimeiona ikifanywa kwa ujasiri mkubwa na watu ambao walipaswa kujua zaidi.

"Bomba litaua bahari yote ya Tanga."

Hapa wapinzani nao huvuka mpaka. Bomba lenyewe hufukiwa ardhini, na mafuta hupashwa joto hadi takriban nyuzi 50 kwa sababu yana nta nyingi ambayo ingeyagandisha njiani. Hayachemshwi, kama baadhi ya watu wanavyohofu. Kwa upande wa bahari, hatari ya kweli iko kwenye gati la kupakilia na kwenye meli zenyewe. Kwamba mafuta hayo huganda yakipoa hakuyafanyi yasiwe na madhara, kwani bonge la nta linalonasa kwenye mizizi ya mikoko au kutua juu ya matumbawe ni vigumu kuliondoa. Wanaolitetea bomba hukumbusha, na ni kweli, kwamba uvuvi wa baruti uliyavunja matumbawe yetu kwa miongo mingi kabla ya bomba kutajwa. Lakini matumbawe yaliyokwisha kujeruhiwa ndiyo yenye uwezo mdogo zaidi wa kustahimili ajali ya pili.

"Uhifadhi ni jambo la wageni, nao ni kikwazo cha umeme."

Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Wavuvi wa huku walianza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuwapandisha silikanti katika majarife yao ya maji marefu, samaki ambao ukoo wao ulidhaniwa kuwa ulitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, na kutokana na samaki hao Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa mwaka 2009.

Kuhusu umeme, mkoa huu ni shahidi mzuri. Kituo cha Hale kilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, kikiwa na uwezo wa megawati 21, na kile cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kilikamilika mwaka 1995. Vyote viwili huzungushwa na maji yanayotoka Kilimanjaro, Meru, Pare na Usambara, kwa hiyo kila anayefyeka msitu wa chanzo au kuchoma mkaa kwenye mteremko huko juu anagusa mitambo iliyo bondeni. Mto Zigi, unaotoka kwenye misitu ya Amani na kujaza bwawa la Mabayani, ndio unaolinywesha Jiji la Tanga. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye megawati 2,115, limeongeza umeme wa gridi kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana nchini, na kwa kufanya hivyo limetufunga zaidi na mvua. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2022 ulitokana na ukame.

Wapo wanaosema kwamba mabadiliko ya tabianchi hayatuhusu kwa kuwa tunachafua kidogo. Ni kweli kwamba tunachafua kidogo. Mito haiulizi nani aliyechafua.

"Gesi tunayo Mtwara, basi mitungi ingepaswa kuwa rahisi."

Gesi asilia ya Songo Songo (Lindi) na Mnazi Bay (Mtwara) ni methani kwa zaidi ya asilimia 95, na methani haiwi kimiminika kwa kugandamizwa tu katika joto la kawaida. Iliyomo kwenye mtungi ni propani na butani, na huagizwa kutoka nje. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na kikwazo hakiko chini ya bahari ya Mtwara. Kiko Ngamiani, hapa Tanga mjini, ambako mama hununua mkaa wa kopo moja kwa fedha aliyoipata asubuhi hiyohiyo, ilhali kujaza mtungi wa kilo 6 kunamtaka atoe zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mita zinazomruhusu alipie gesi kidogokidogo, kadiri anavyopika, zimeshaanza kutumika nchini, ila bado ni chache.