Sita hakuwa mke wa "ndiyo, bwana"

Wengi hudhani Sita wa Ramayana, utenzi wa kale wa India, ni mke mpole asiyefungua mdomo, tangu kale. Sivyo. Kwa Valmiki, mshairi anayetajwa kuwa mtunzi wake, mumewe Rama anapotaka kumwacha nyumbani aende msituni peke yake, Sita anamjia juu: baba yangu alijipatia mkwe gani huyu, mwanamke mwenye umbo la mwanamume? Na hapo anamwambia mwana wa mfalme!

Kweli, washairi wa baadaye walimlainisha. Ila James Mill, mwanahistoria Mwingereza, alipoandika mwaka 1817 kwamba Wahindu huwadhalilisha wanawake, wazalendo wengi wa India walijibu kwa kumtukuza Sita mvumilivu, ghadhabu yake ikiachwa kando. Draupadi, mke katika utenzi mwingine wa kale, Mahabharata, alibaki na hasira zake: mshairi wa Kitamil Subramania Bharati alimfanya sura ya India iliyotawaliwa na Waingereza.