Kuzuia Mafaili ya Tovuti Yasifunguliwe Moja kwa Moja

Katika tovuti ninazoombwa kuzikagua, kasoro ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni ukurasa uliowekewa nywila huku mafaili yanayopakuliwa kupitia ukurasa huo yakiwa hayana ulinzi wowote. Chuo kinamtaka mwanafunzi aingie kwenye akaunti yake ndipo aone kiungo cha barua ya udahili, lakini kiungo chenyewe kinaelekea /uploads/2024/barua-1043.pdf. Yeyote mwenye anwani hiyo atapewa barua bila kuulizwa yeye ni nani, na akibadilisha 1043 kuwa 1044 atapata barua ya mtu mwingine, yenye jina, namba ya simu na pengine kiasi cha ada anachodaiwa.

Chanzo chake ni namna seva inavyofanya kazi. Programu ya seva kama Apache au Nginx ikipokea ombi la faili lililomo ndani ya folda ya wazi, ambayo mara nyingi huitwa public_html, hulitoa yenyewe bila kuipitia programu ya tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, na programu hiyo ndiyo pekee inayojua nani ameingia na nani hajaingia. WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, nayo huweka picha na nyaraka zinazopakiwa ndani ya wp-content/uploads, hivyo kufunga ukurasa hakulifungi faili. Mwaka 2019 mwandishi wa habari za usalama wa mitandao, Brian Krebs, alieleza jinsi tovuti ya kampuni ya Marekani ya First American Financial ilivyoacha nyaraka zipatazo milioni 885 za miamala ya nyumba zikisomeka na mtu yeyote aliyebadilisha tarakimu katika anwani. Hapakuhitajika ujuzi wa udukuzi.

Zipo tiba zinazopendwa ambazo hazitibu. Jina refu lisilokisika humzuia anayebahatisha, ila kiungo kikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp jina hilo si siri tena. Amri ya Apache ya Options -Indexes huficha orodha ya mafaili tu, si mafaili yenyewe. Kuitaja folda ya siri ndani ya robots.txt, faili linaloziambia injini za utafutaji zisipite wapi, ni kubaya zaidi, kwa kuwa faili hilo husomwa na kila mtu.

Wengi hutegemea .htaccess, faili la mipangilio ya Apache linalowekwa ndani ya folda, lenye mstari Require all denied unaokataa kila ombi, na kwenye Apache 2.4 mstari huo unafanya kazi vizuri, mradi msimamizi wa seva ameruhusu .htaccess isomwe. Ninachokihofia ni siku tovuti inapohamishiwa kwenye Nginx, ambayo haisomi .htaccess hata kidogo: hakuna onyo litakalotokea, kurasa zitafunguka kama kawaida, na folda nzima itakuwa wazi tangu dakika hiyo.

Kwa hiyo ninasisitiza mafaili ya aina hii yatolewe kabisa nje ya public_html. Ikiwa tovuti iko /home/chuo/public_html, barua zikae /home/chuo/nyaraka, mahali ambapo hakuna anwani ya intaneti inayofika. Mwanafunzi apewe kiungo cha pakua.php?id=1043, na programu hiyo ihakikishe kwanza kwamba ameingia, iangalie kwenye hifadhidata kama barua namba 1043 ni yake, ichukue jina la faili kutoka hifadhidata hiyo hiyo, kisha ndipo ilitume kwa readfile(), amri ya PHP ya kutoa faili. Jina la faili lisichukuliwe kamwe kutoka kwenye anwani, kwa maana mtu akiandika ../ mara kadhaa anaweza kupanda hadi folda nyingine na kusoma hata faili lenye nywila ya hifadhidata. Jibu libebe pia kichwa (header) cha Cache-Control: private, no-store, ili seva za kati zisitunze nakala na kumpa mwingine. Kwa video na mafaili makubwa, readfile() huishughulisha PHP muda wote wa kupakua; kwenye Nginx ni afadhali PHP ikague tu na kurudisha kichwa cha X-Accel-Redirect kinachoitajia Nginx faili la kutoa, kisha Nginx ilitoe faili kutoka sehemu iliyowekewa amri ya internal, ambayo mtu wa nje hawezi kuifungua.

Ukimaliza, bandika kiungo cha zamani kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Jibu linalotakiwa ni 403 (hairuhusiwi) au 404 (haipo), nami napendelea 404 kwa sababu 403 humdokezea mgeni kwamba kuna kitu. Kisha ingia kwa akaunti ya mwanafunzi mmoja na uombe barua ya mwingine. Jaribio hili la pili hurukwa sana, na ndilo linalofichua programu inayokagua kama mtu ameingia bila kukagua kama faili ni lake. Mwisho, tafuta masalia ndani ya public_html: .env (faili la mipangilio ya siri), folda ya .git (historia ya msimbo), nakala za hifadhidata za .sql na faili kama config.php.bak, ambalo seva hulitoa kama maandishi ya kawaida pamoja na nywila zilizomo. Yahamishe au uyafute, na kama yamewahi kuwa wazi, badilisha nywila hizo siku hiyo hiyo.