Paja limeunga, goti halijapona: kwa nini?

Kijiweni kwetu Majengo, hapa Dodoma, yupo kijana wa bodaboda aliyeanguka mvua za Januari akikwepa shimo. Aliumia mara mbili kwa mpigo: paja la kulia lilivunjika katikati, na mguu wa kushoto ukavunjika pale goti linapokalia. Leo paja limepona kabisa, analibebea abiria. Goti ndilo linalomnyima usingizi. Akishuka ngazi, anashika ukuta. Ameniuliza zaidi ya mara moja: "Kaka, paja ndilo mfupa mkubwa kuliko yote mwilini, na limepona. Goti lina nini?"

Jibu lipo buchani. Mwombe muuza nyama akuoneshe ncha ya mfupa wa paja la ng'ombe kabla hajaupasua kwa ajili ya supu. Utaona kofia nyeupe, inang'aa, ukiipitishia kidole inateleza. Hilo ndilo gegedu. Halafu tazama pale shoka lilipokata mfupa wenyewe: kuna wekundu, kuna vitone vya damu, kuna uboho. Kwenye gegedu hupati hata tone, kwa maana halina mshipa wa damu hata mmoja, wala halina neva.

Mfupa ukivunjika, damu humwagika kati ya vipande na kuganda. Lile donge ndilo mwanzo wa uponyaji. Seli za ukarabati huingia, mishipa midogo ya damu huota, na ikifika wiki ya pili au ya tatu vipande vimeanza kushikwa na kitu laini ambacho sehemu kubwa ni gegedu changa. Baadaye hilo hugeuka kuwa mfupa. (Mwili hutengeneza gegedu ili uunge mfupa, kisha unaliondoa! Kila nikilifikiria hili nastaajabu.) Paja la mtu mzima huchukua kama miezi 3 hadi 6 kuunga vizuri, na baada ya hapo mwili huendelea kulichonga nundu lililobaki kwa miaka.

Kwa hiyo daktari bingwa wa mifupa haungi mfupa. Mwili ndio unaounga. Yeye anavinyoosha vipande, anavishikilia visicheze, na anailinda damu inayovifikia. Hogo, ile plasta ngumu ya kufungia mguu, linafanya kazi hiyo, na fito ya chuma aliyowekewa kijana wetu ndani ya paja, katika mfereji wa uboho, inafanya kazi hiyo hiyo. Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kutumia fito za namna hiyo mwaka 1939. Baadaye fito zilipoanza kukazwa kwa skrubu, tatizo likawa kwamba kuzifunga skrubu hizo kulihitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, kitu ambacho hospitali nyingi hazina. Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN, linalotengeneza fito yenye mkono wa nje unaomwelekeza daktari tundu la skrubu lilipo, bila mashine hiyo. Maelfu ya watu katika nchi kama yetu wanatembea kwa sababu ya ubunifu huo.

Hapa ndipo ninapowaelewa wazee wetu wanaompeleka mgonjwa kwanza kwa mwunga mifupa wa jadi. Wamewaona watu wakipona, na kweli walipona, maana mfupa una hamu ya kuunga hata ukifungwa banzi za miti. Lakini banzi ikikazwa mno hukata damu, na mguu huweza kuoza. Na kama ufa umeingia ndani ya kiungo, hamu ile ya mfupa haitoshi.

Gegedu la goti lina unene wa milimita chache tu. Chakula chake hakiletwi na damu bali na ule ute unaolainisha kiungo. Ukikanyaga, gegedu linabanwa kama sponji. Ukiinua mguu, linafyonza ute mpya. Kijana wetu alipoanguka, kichwa cha mfupa wa ugoko kilididimia kama kigae kilichozama sakafuni. Daktari alikiinua, akajaza pengo kwa mfupa uliochotwa nyonga, akaweka bamba na skrubu. Hapo alikuwa anapigania milimita, kwa sababu uso wa kiungo ukibaki na ngazi ndogo tu, gegedu la juu yake hulika upesi. Mfupa wa chini yake uliunga vizuri. Gegedu lililopondwa halikurudi. Daktari William Hunter aliyaandika hayo London tangu mwaka 1743: gegedu likishaharibika, halirudi.

Wapo madaktari wanaotoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ulio chini ya kidonda ili damu ipande juu. Kinachoota ni gegedu la kovu, lenye nyuzi nyingi, dhaifu kuliko lile la kuzaliwa. Likilika lote, hubaki kubadilisha goti kwa chuma na plastiki. Zamani mgonjwa wa Kondoa au Manyoni alikata tiketi ya Dar es Salaam kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Siku hizi Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma nayo inabadilisha magoti na nyonga. Lakini goti bandia nalo huchakaa, ndiyo maana kijana wa umri wake huambiwa asubiri.

Basi anasubiri huku akilitunza alilonalo. Ameacha kubeba magunia. Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, anakaa juu ya rundo la matofali, mguu wa kushoto ukining'inia, anaunyoosha na kuukunja polepole kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivyomfundisha, mara 30. Ananiambia mwanzoni goti hukwaruza. Akifika ya ishirini, linalainika.